Jiwe Langu la Nyacheki

Mjukuu wangu Moraa,

Pokea salamu za nyumba yote. Ng'ombe amezaa, na mama yako anapata nafuu.

Unauliza kwa nini hatujijengei daraja wenyewe kama zamani. Lile la zamani tulilijenga nikiwa bibi harusi hapa Birongo. Kila mke aliagizwa alete jiwe kutoka kwao alikozaliwa. Langu, jeupe, nililibeba kichwani toka Nyacheki, nikicheka njia nzima.

Mwaka juzi akaja mwanakandarasi na tingatinga. Msimamizi wake akaniuliza mimi niliye mkongwe, "Nyanya, tubomoe hili tuwajengee la magari?" Nikasema bomoeni, hata nikapiga vigelegele. Wakasimamisha nguzo mbili, wakaenda zao. Sasa majani chai yanaoza huku kwetu, na kituo cha kuyauzia tunakiona ng'ambo. Ukija likizo, zungukia Keumbu. Mto usiujaribu.

Wenzangu wa mawe wamekufa, na vijana wanangojea serikali. Juzi niliteremka mtoni peke yangu. Jiwe langu nililiona, jeupe vilevile. Niliinama nikalishika kwa mikono miwili, likakataa kunyanyuka.

Ni mimi, magokoro wako.