Onyo Jekundu

Shoga, nimefukuzwa dukani na shemeji. Mume wa dada yangu mwenyewe!

Asubuhi nafungua barua pepe ya duka, kompyuta ikaleta onyo jekundu kwamba tovuti si salama. Nikakagua tarehe na saa za kompyuta, maana zikikosea nazo huleta onyo kama hilo; ziko sawa. Nikamwambia, "Shemeji, huu ukurasa siuamini, tusiweke neno la siri."

"Bonyeza endelea! Wewe wa darasa la saba ndiyo unifundishe kazi?"

Nikabonyeza, nikaweka na neno la siri.

Jioni wezi wameshaichukua akaunti. Shemeji anauliza, "Nani alibonyeza?" Eti nani alibonyeza!

Na dada alikuwepo asubuhi ile, shoga. Alisikia kila neno. Nikamtazama aseme. Akainama kumfunga mtoto kamba za viatu, na zilikuwa zimeshafungwa.