Neno Aliloliandika Mgonjwa Wangu

Kwako Kaka Masanja,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto hapo Butimba. Wifi bado anasimama kutwa kwenye maji ya barafu, kule kwenye kiwanda cha minofu ya samaki? Vidole vyake vinaendeleaje? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nakuandikia tena kabla hujanijibu.

Nilikwambia nimepata kazi ya kuuguza hospitalini huku Marekani. Mgonjwa wangu ni mzee aliyekuwa fundi wa matrekta. Kiharusi kilimwacha kama Baba: hasemi, hainui mkono, macho tu ndiyo yanayotembea. Mwaka jana madaktari walimpasua kichwa wakamwekea ubongoni waya mwembamba kama uzi. Akiwaza kusogeza mkono, waya unapeleka habari kwenye kompyuta, na mshale unasogea kwenye kioo. Akiufikisha kwenye herufi, herufi inaandikwa. Nilipoona mara ya kwanza niliweka beseni chini nikakaa.

Alifundishwa miezi mingi, jasho likimtoka, mshale ukienda asikotaka. Wiki mbili zilizopita daktari akamwita mkewe na mwana wao mkubwa, mzee aandike neno mbele yao. Mama yule alikuja amependeza, ameshika maua. Sote tulidhani ataandika jina la mkewe. Ilichukua karibu saa nzima. Akaandika: "Nilisikia."

Mkewe alianza kulia, sisi wengine hatujaelewa. Baadaye alinieleza kwamba siku za mwanzo, kabla mzee hajaanza kujibu kwa kupepesa macho, yeye na mwanawe walisimama kando ya kitanda wakashauriana kama mashine ya kumsaidia kupumua izimwe. Walidhani wamelaza gogo.

Daktari yeye alifurahi kwamba neno limetoka. Akasema siku moja hata watu wenye afya zao wataendesha mashine kwa mawazo, bila kugusa kitu. Tulipobaki wawili nilimwuliza mzee kama kompyuta inasoma kila anachowaza. Akahangaika na mshale, akaandika: "Bado."

Tangu siku hiyo nikimwogesha najiuliza, hiyo "bado" ikiisha, mtu atasitiri wapi jambo lake. Lakini linaloniumiza zaidi ni la kwetu.

Kaka, uliniandikia kwamba mlikaa kikao na baba wadogo, mkakubaliana Baba akiondoka azikwe Buswelu kwenye kiwanja chako, siyo Usagara alikolala Mama. Ulisema mlikaa chumbani mwake kwa sababu ya mvua, na yeye alifumba macho muda wote, mkajua amelala. Nami nikajibu kwamba nakubali.

Huenda hakuwa amelala.

Waya kama ule hatuna, na sidhani tutaupata. Lakini macho Baba anayo, na hata huku walianzia kwenye macho. Nakuomba ukae mbele yake, peke yako. Mwambie atazame juu kama ni ndiyo, chini kama ni hapana. Mwulize kwanza kama anasikia. Usimharakishe. Akijibu, mwambie Kabula naye alikubali lile la Buswelu, na anaomba radhi. Ndipo umwulize mwenyewe anataka kulala wapi. Na akifumba macho asikujibu, usiniandikie kwamba amelala. Niandikie kwamba amekataa kusema nasi.

Wasalimie wanao, na wifi mwambie namwombea. Baba wadogo wape shikamoo yangu, na uwasomee barua hii nje, siyo chumbani. Msalimie na shangazi anayemgeuza Baba kila asubuhi. Uliniandikia kwamba anamsimulia Baba habari zote za sokoni, nani kagombana na nani, samaki wamepandaje, nasi tukamcheka kwamba anazeeka vibaya. Mwambie aendelee.

Ni mimi mdogo wako,
Kabula