Kwa Baba Tep Saroeun, Aliyewapa Watu wa Springvale Kipaza Sauti

Baba,

Mwaka umetimia tangu utuache, asubuhi ile ya baridi ya mwezi wa Mei, ukiwa umeshavaa shati lako la kwendea ukumbini. Mama bado anakaanga ndizi nyingi kuliko tunavyoweza kula. Anasema mkono umezoea kupikia ukumbi mzima.

Ulishona viti vya magari kiwandani mpaka macho yakachoka, lakini hapa Springvale hakuna aliyekujua kwa viti. Walikujua kwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mchana, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Uliweka kipaza sauti mbele ya watu ukasema ni cha yeyote aliyekuja Australia na wimbo wake kutoka Asia, na cha yeyote aliyezaliwa hapa na bado anautafuta. Akaja Vasuki, yule muuguzi wa Kitamili, na nyimbo za kubembelezea watoto. Akaja Bwana Quyen, muuza samaki wa Kivietinamu, ambaye mashairi yake ya mapenzi yalimfanya mkewe atoke nje kwa aibu, kisha asimame mlangoni asikilize.

Wengi walianza kwa kujitetea. "Samahani, shairi langu si zuri sana," mtu angesema, nawe ungemjibu kutoka kwenye kiti chako cha pembeni: "Hilo tutaamua wenyewe, mwanangu. Wewe soma." Wazee waliponung'unika kwamba vijana wanasoma kwa Kiingereza tu, uliwaambia, "Mtoto asome kwa lugha anayoitumia kugombana na mama yake. Hiyo ndiyo anayoijua kwelikweli."

Halafu ungepakata chapei yako, ile gambusi ya shingo ndefu, uanze kuwachokoza watu kwa nyimbo unazozitunga papo hapo. Ulimwimba mtu kofia yake, ukamwimba mwingine kitambi chake, nao walitakiwa wajibu kwa wimbo. Aliyeshindwa alipelekwa jikoni kwa Mama kuosha vikombe.

Nyumbani ulikuwa mtu mwingine. Ulivua viatu, ukatundika chapei ukutani, na maneno yakaishia hapo. Sisi tulizoea. Maly, kitinda mimba wako, hakuzoea. Aligombana nawe, akahamia Brisbane, na miaka miwili ikapita bila kukanyaga nyumbani.

Kisha Jumamosi moja akatokea ukumbini bila kumwambia mtu. Akapanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akasoma shairi, kwa Kiingereza, juu ya baba anayewapa watu wa mji mzima nyimbo, na akirudi nyumbani anampa binti yake neno moja tu mezani: "Kula."

Bwana Quyen aliweka chini glasi yake ya kahawa polepole, kana kwamba ingelipuka. Tulidhani utaondoka. Badala yake ulivuta kiti, ukachukua chapei, ukamjibu kama ulivyomjibu kila mtu, kwa wimbo. Lakini ulimwimbia kwa Kikhmer, lugha ya kwenu, tena kile cha zamani cha kijijini, na Maly akaambulia neno hapa, neno pale.

"Sikuelewi, Baba," akasema kwenye kipaza sauti. "Hata leo sikuelewi."

Hapo ndipo Mama, ambaye miaka yote ile hakuwahi kuvuka mlango wa jiko la ukumbi, alipofuta mikono kwenye kanga ya kiunoni akapanda jukwaani.

"Baba yako anasema kwao kulikuwa na njaa," akatafsiri. "Kwa hiyo 'kula' halikuwa neno dogo."

Ukaimba ubeti wa pili.

"Anasema alikukumbuka sana. Anasema anaomba radhi."

Ukaacha kupiga. "Chanthy, hilo sikulisema."

"Najua. Nimelisema mimi. Wewe endelea kupiga tu, utalifikia."

Watu walicheka mpaka wakashika viti. Wewe hukucheka. Uliinamia chapei, ukaimba mstari mmoja, kwa maneno mepesi ya kusema na mtoto mdogo: Mwanangu, nisamehe. Maly hakuhitaji mkalimani.

Hakurudi Brisbane ila kwenda kuchukua vitu vyake. Kila alasiri mlikaa kibarazani, wewe ukimfundisha Kikhmer chako, naye akikuuliza. Ndipo ukamtaja Sarith, mdogo wako, aliyekuwa fundi wa chapei kuliko wewe. Miaka ile ya njaa, nyimbo zilipopigwa marufuku, askari walimchukua kwa sababu alisikika akiimba, na hakurudi tena. Wewe ulikuwa umejificha kwenye mpunga, karibu kiasi cha kuona miguu yake, na hukutoa sauti.

"Kunyamaza ndiko kulikoniokoa," ulimwambia Maly. "Basi nikashindwa kujua ni wapi pa kuacha."

Sisi wanao, watu wazima wenye mvi, hatukuwa tukijua kwamba tuna baba mdogo. Rithy, mkubwa wetu, alitoka nje siku hiyo akaanza kumwagilia bustani iliyokuwa imelowa mvua tangu asubuhi.

Moyo wako haukutupa muda mrefu baada ya hapo. Lakini muda ule ulikuwa wetu, Baba, na uliongea. Uliongea hata Mama akakuomba umwache alale mchana.

Kesho asubuhi tutapeleka chakula pagodani, na watawa wa Kibudha watasoma jina lako. Kisha watasoma la Sarith. Karibu miaka hamsini hajaombewa, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kumtaja ulikuwa wewe. Sasa tunaweza sote. Mchana ukumbi utakuwa wazi, na Maly ndiye atakayewaita watu jukwaani.

Unakumbukwa na mkeo Chanthy. Wanao Rithy, mimi wa katikati ninayekuandikia, na Maly. Mkaza mwanao Sreyroth. Mjukuu wako Leap, anayekudai wimbo wa kumchokoza mwalimu wake. Pamoja na watu wote wa Jumamosi ya kwanza.

Tutakukumbuka daima, Baba, wewe na mdogo wako.