Visu vya Daktari wa Meno

Jumapili, 11 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mko wazima, na kwamba moshi wa tanuru haukusumbui kifua. Sisi huku hatujambo kabisa. Tena "hatujambo" ni neno dogo mno, Baba, ila sina lingine la kuweka hapa.

Nina mume! Najua unajua, ulikuwepo, lakini mimi kila asubuhi naamka nastaajabu upya. Vyumba vyetu ni viwili tu, na jua la asubuhi linaingia jikoni kana kwamba limealikwa. Kabla ya kwenda kiwandani ananichemshia chai, halafu anasimama kuniangalia nikinywa mpaka ya kwake inapoa. Nikimwambia utachelewa, anasema, "Mashine haina wivu, itanisubiri."

Kisu ulichotufulia tanurini kimefika salama. Alipokifungua kwenye kitambaa alikaa chini kwanza. Mtu ambaye visu vinapita mkononi mwake kutwa nzima, alikaa chini, Baba! Akapapasa mpini, akasema, "Aliyetengeneza huu hakuwa na haraka ya kwenda popote." Tumekiweka kwenye rafu, juu ya sahani, ili kila anayeingia akione. Na siku ile ya harusi nilikujua tu. Uliposhika mkono wake usiuachie mpaka watu wakaanza kucheka, mimi nilijua unampima. Wateja wako unawakandamiza mkono kwenye udongo mbichi, yeye ukampima kwa salamu!

Kupikia natumia kile alichokuja nacho yeye kutoka kiwandani, cha mpini mweusi. Usikasirike. Kimetoka kitengo chake cha kunoa, kwa hiyo nikikata kitunguu najua makali yale yamepita mikononi mwake, na sijui kama ninalia kwa sababu ya kitunguu au ya mapenzi.

Baba, mtakuja lini? Wazazi wake wameshafika. Kitanda cha wageni tumenunua na shuka nimetandika. Sitaki zawadi nyingine yoyote. Nataka uje ukae kwenye kiti changu, uone ninavyoishi.

Binti yako akupendaye

*

Alhamisi, 22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua changu hakina neno, Mama yako ndiye anayekohoa kwa niaba yangu kila nikiingia ndani na vumbi.

Nimefurahi kisu kimefika. Sikufurahi kusikia kiko kwenye rafu. Nilikifua kikate.

Kuja, nitakuja kazi ikipungua. Wewe ni binti yangu na hupendi kufichwa, kwa hiyo acha nikwambie ukweli. Sijui nitazungumza nini na Bwana Mashine wako. Ni mpole, nimeona, na anakupenda, hilo hata kipofu angeona. Lakini mimi nakaa na kisu kimoja mpaka nakijua kama mtoto wa kumzaa. Kwake yeye visu vinapita kama siafu, hajui hata kimoja kimekwenda kwa nani. Nikishakaa sebuleni kwake nitasema nini? Nimsifie kitufe anachobonyeza?

Pamoja na barua hii kuna kisu cha yule daktari wa meno, mteja wangu wa zamani. Yuko huko huko mjini kwenu. Mpelekee, nenda na mumeo. Huyo amekusanya visu vya mafundi wengi, na kila kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wake. Muulize hivi: mtu aliyekwisha kushika visu vya namna hiyo, cha kiwandani bado anakithamini? Atawacheka. Halafu niandikie alivyojibu, usipunguze neno.

Mama yako anasema ule vizuri, na mwambie mumeo chai inanywewa moto.

Baba yako

*

Jumatatu, 5 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mko wazima? Sisi wazima, ila barua hii naiandika moyo ukinidunda, utaona kwa nini.

Tulikwenda Jumamosi. Mume wangu alivaa shati lake la harusi. Nikamwambia, "Tunapeleka kisu, hatuendi kuoana." Akasema, "Mimi leo hii ningeoa tena. Yule yule." Basi nikamwacha na shati lake.

Daktari ni mzee mfupi, mcheshi. Sebuleni ana kabati la vioo, visu vimelala juu ya kitambaa cha kijani, na vya kwako viko mstari wa katikati. Alipokamata hiki kipya alicheka peke yake kwa raha. Akasema, "Baba yako anaujua mkono wangu kuliko mke wangu." Mkewe akajibu kutoka jikoni, "Nimesikia!"

Ndipo nikamuuliza lile swali lako, neno kwa neno. Mume wangu alitazama zulia. Daktari hakucheka, Baba. Alituchukua mpaka jikoni akavuta droo. Imejaa visu vya kiwandani! Vya mpini wa mbao, vya mpini wa plastiki, na kimoja kimelika mpaka kimebaki chembamba kama mwiba wa samaki.

"Vya kwenye kabati navitazama," akasema. "Hivi navitumia."

"Kwani vya Baba havikati?"

"Vinakata kuliko hivi vyote. Naogopa kuviharibu. Nikimenya chungwa, chuma cha baba yako kinashika doa, na mimi nakosa usingizi."

Akakishika kile chembamba. Mkewe alikinunua walipokuwa hawana hata meza. Akasema hakuna fundi duniani anayeweza kumtengenezea kingine kama hicho. Halafu akasema wakusanyaji wenzake wapo wanaovidharau vya kiwandani mbele za watu, huku nyumbani wamevijaza sandukuni. "Nimewahi kuletewa visu vya mkono vibovu, na fundi mwenyewe ananitazama usoni, nami nasifia! Vibaya viko pande zote, binti. Ukishavijua vizuri vya mkono, jicho linafunguka, unaanza kukiona na kizuri cha kiwandani."

Akatoa kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki ni cha kiwanda cha hapa. Nani anawanolea?"

Mume wangu akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Baba, nilitamani kumbusu pale pale mbele ya wazee wa watu.

Hapo mke wa daktari akaleta tikiti, akamwambia, "Haya fundi, tukatie." Mume wangu akachukua kisu kwenye droo, akakata vipande vyembamba, sawasawa, bila hata kutazama. Daktari akapiga kofi. "Kumbe ni mashoto!"

Mume wangu akakiweka kisu mezani kama mtu aliyekutwa anaiba.

"Na kile baba mkwe alichokupimia harusini," daktari akauliza, maana nilikuwa nimeshamsimulia, "alipima mkono gani?"

Mume wangu akautazama mkono wake wa kulia. Baba, salamu ni ya mkono wa kulia. Anaandika kwa wa kulia, anakula kwa wa kulia, ila kukata anakata kwa wa kushoto tangu utotoni. Na mpini wako una bonde kwa kila kidole cha mkono wa kulia, na makali umeyanoa upande mmoja tu. Akikishika kwa kushoto kinakwenda upogo.

Njiani akaniambia yote. Kila nikienda sokoni yeye anakishusha, anajifunzia kumenya viazi kwa mkono wa kulia, ili siku utakayokuja umkute anakitumia. Zile plasta vidoleni aliniambia ni za mashine! Nami binti wa mfua visu sikuona kitu. Nilikuwa namtazama usoni.

Amenikataza kukuandikia haya. Anasema, "Mzee ataumia." Lakini uliniambia nisipunguze neno.

Binti yako

*

Jumatano, 28 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Sijui barua imepotea au imefika.

Kama imefika na imekuudhi, niudhikie mimi niliyeandika. Yeye hana kosa, mkono hakuuchagua. Kisu bado kiko nyumbani na hatukirudishi. Jana nimemkuta tena na viazi, nikamnyang'anya, tukacheka, halafu hatukucheka.

Kitanda cha wageni bado kimetandikwa. Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Binti yako

*

Jumapili, 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na barua zako zote zimefika. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Chuma kikiharibika nakirudisha tanurini. Barua ikishatumwa siwezi.

Kwanza nilimkasirikia daktari. Visu vyangu kuvilaza kwenye kitambaa kama maiti, halafu anakula tikiti kwa cha kiwandani! Nikaenda dukani, nikanunua kimoja cha kiwanda chenu, nia yangu nikipasue, nione uozo wa ndani. Nikakiweka mezani nikaenda kunawa. Kurudi, Mama yako anakatia mboga.

Nikamwambia, "Hicho kina kazi yangu."

Akasema, "Kiache hapa. Kile changu kimechakaa."

"Kile chako kipi?"

Akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akafungua kopo la unga, akatoa kisu cha kiwandani cha mpini mwekundu, kimelika nusu.

Mwanangu, unakijua kile kisu nilichomfulia Mama yako tulipooana. Umekikuta nyumbani. Kila siku nakiona mezani kinang'aa, nami najisemea moyoni, huyu mwanamke anajua kutunza. Kumbe kinang'aa kwa sababu hakitumiki! Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu vidole vianze kuvimba." Mpini ule niliupima kwa mkono wa msichana. Msichana huyo sinaye tena, nina mama yako. Nimekandamiza udongoni mikono ya watu nisiowajua hata majina, na wa kwake ninaolala nao ubavuni sikuurudia.

"Mbona hukusema?"

Akasema, "Ulikuwa unakitazama kwa furaha." Halafu akaendelea na mboga zake kana kwamba hakuna lililotokea.

Basi wiki hizi nilikuwa namtengenezea kipya. Nilipoukandamiza mkono wake kwenye udongo alipiga kelele kuwa ni baridi, akacheka, nikamwona kama siku ile. Kile cha kopo la unga hakikumpima, lakini hakikumuumiza pia. Nimemwambia akiweke mezani, kisijifiche tena.

Na hiki cha kwenu nimekichunguza kwa tochi. Makali yamenyooka kutoka kwenye mpini hadi ncha. Vya kwangu huwa vina wimbi dogo karibu na ncha, hakuna mteja aliyewahi kuliona, ila mimi naliona kila mara. Nataka kujua mumeo anafanyaje pale. Muulize kama kiwandani wataniruhusu kusimama pembeni yake bila kumsumbua mtu.

Mwezi ujao tunakuja wote wawili. Nitabeba udongo. Mwambie aache viazi.

Baba yako

*

Jumapili, 13 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Basi lenu halijafika hata nusu ya njia nami nimeshakaa mezani kukuandikia. Natumaini Mama hakutapika kwenye zile kona, na kwamba mtasoma barua hii mkiwa wazima.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Meza bado ina udongo kwenye nyufa zake na sitaki kuifuta. Mama ameniachia sufuria zimepangwa asivyopanga mtu yeyote, nazo sitazigusa.

Baba, siku ile kiwandani wewe ulikuwa unatazama mashine, kwa hiyo hukujiona. Mimi nilikuwa mlangoni nimewaletea chakula. Ulimwambia, "Polepole hapo kwenye ncha." Naye, kwa heshima, huku cheche zinaruka, akasema, "Mzee, nikipunguza mwendo hapo ndipo wimbi linapokuja." Ukakunja uso. Nikajua leo pamenuka. Kisha ukasogea, ukavaa miwani, ukasema, "Hebu rudia." Akarudia. Ukasema tena, "Hebu rudia." Chakula kilipoa nimekishika mkononi, wala sikujali! Na jioni mkabishana habari ya mawe ya kunolea mpaka Mama akauliza kama kuna mtu wa kubishana naye habari ya kulala.

Lakini nilichokalia kukuandikia ni cha leo asubuhi, pale stendi. Yeye alisimama chini ya dirisha lenu kuwapungia. Basi likawashwa, wewe ukatoa kichwa ukampigia kelele, "Sogea huko, mwanangu, gari litakukanyaga!" Halafu mkaondoka.

Hakusogea. Akanigeukia. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Amesema usogee."

"Hapana. Baada ya hapo."

"Amesema gari litakukanyaga."

"Katikati hapo," akasema, na macho yake, Baba, ungeyaona. "Aliniita nani?"

Nilitaka kumjibu jambo zuri, lakini ilinibidi nimvute kwanza, maana kweli kulikuwa na gari.

Binti yenu, na huyu aliyekaa hapa ubavuni anaisoma kabla sijaifunga