Kidole cha Mwalimu Wanjiru

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini kama kawaida. Baridi imejaza Ruiru nzima, kila anayeingia duka la dawa anakohoa. Mama mmoja kauliza dawa ya kifua ya mtoto. Nikataka kumwambia kijiko kimoja, asubuhi na jioni. "Kijiko" kikakwama kooni. Nikagonga kaunta kwa kidole, kikatoka.

Kidole hiki nilifundishwa na Mwalimu Wanjiru, darasa la sita, Kamenu. Walimu wengine waliniruka wakati wa kusoma kwa sauti. Yeye alinibakisha jioni, anagonga dawati, mimi natoa neno kipande kwa kipande. Bila yeye nisingesimama nyuma ya kaunta yoyote.

Jumatano, 6 Agosti

Ruracio, sherehe yangu ya mahari, ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa Anko Kamau, ndugu wa marehemu baba. Moyo hautulii. Wazee hawagusi kinywaji cha wageni mpaka bibi harusi aulizwe mbele ya wote. Mchumba wangu Wafula ni wa Bungoma, kwa hivyo watauliza kwa Kiswahili watu wake waelewe. Nimemuuliza Anko kama naweza kutikisa kichwa tu. Hapana, lazima sauti isikike. Mbele ya watu hata "ndiyo" inanikwama. Nikinyamaza, ni kama nimemkataa Wafula mbele ya mamake.

Nimempigia Mwalimu. Sina mama, nimemwomba akae kando yangu kama mama, anigonge goti chini ya leso. Amekubali bila kusita. Usingizi umerudi.

Jumanne, 12 Agosti

Mwalimu hashiki simu. Jioni ujumbe: yuko sawa, tutaonana Jumamosi. Sijaupenda. Yeye ni mtu wa kuongea mpaka salio liishe.

Labda ni mafua.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimevua zile nguo. Sitaki kuongea na mtu.

Kando yangu alikaa shangazi fulani ambaye hata jina lake silijui vizuri. Wageni wakaingia wakiimba. Mbele yao, kwa kitenge sawa na cha mamake Wafula, Mwalimu Wanjiru. Upande wao. Ndiye waliyemleta awaelekeze desturi zetu. Akanipita kama mtu asiyenijua.

Amenisaliti. Sitafuti neno laini.

Anko akajaza pembe ya kunywea, akaniita mbele. "Njeri, hiki kinywaji cha hawa watu tukinywe, ama tukirudishe?"

Mdomo ukafunga. Mamake Wafula akakunja leso yake, akakunjua. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Anaangalia viatu vyake. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikagonga paja langu mwenyewe.

"Ki. Nywe. Ni."

Vigelegele. Watu wakanikumbatia, Wafula akacheka kama mtoto. Mwalimu alikuwa analia. Sikujali, na sijali hata sasa.

Jumapili, 17 Agosti

Wafula alidhani najua, ikabidi anieleze. Kumbe wiki iliyopita Anko alimpigia Mwalimu, akamwambia kiti cha mama ni cha damu, asijipachike kwa familia ya watu. Na mamake Wafula, ambaye siku hizi anaishi huku, jirani wa Mwalimu kwa ploti ya kupanga, alikuwa anatafuta Mkikuyu wa kuwaongoza. Mwalimu akakubali, angalau awe ndani ya hema.

Sawa. Nimeelewa. Lakini mbona hakuniambia? Ningemkabili Anko, hata kwa kigugumizi, hata siku nzima. Alinifundisha kusema, halafu yeye akanyamaza. Tena akaniacha nikimngoja mpaka dakika ya mwisho. Anko nimemkasirikia. Yeye ameniumiza.

Jumanne, 19 Agosti

Mwalimu amepiga tena. Nimegeuza simu kifudifudi.

Anko naye amepiga, anasifu jinsi nilivyojibu. Nimemwambia kiti kile kilikuwa cha Mwalimu. Ilinichukua muda kumaliza sentensi. Alingoja.

Alhamisi, 21 Agosti

Manyunyu tangu asubuhi. Wateja wachache. Nimepanga dawa za kikohozi upya bila sababu.

Saa ya chai nimempigia Mwalimu. Kashika mara moja. Nikamsikia anavuta pumzi, anaanza jina langu, anaachia katikati. Akaanza tena. Akaachia tena.

Bado sijamsamehe.

Nikaweka simu karibu na kaunta, nikagonga kwa kidole, polepole, nikamngoja.