Kabari ya Mashine ya Baba

Luveve, Bulawayo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa shemeji yangu mpendwa Mthokozisi,

Salamu nyingi zikufikie huko Germiston, wewe na mwenzangu Lindiwe na watoto wote. Natumaini baridi ya huko haijawatoa roho, na kwamba kile kifua ulichokuja nacho kwenye mazishi kimepona. Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Juzi alimfuata muuza mboga hadi kona ya barabara kwa sababu ya majani yaliyonyauka. Nomvelo ameng'oka meno ya mbele na anauliza kama Johannesburg meno yanauzwa, maana anasikia kwenu kila kitu kipo. Baba bado anakwenda kazini. Ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini nyumba hii unaijua: ukipiga chafya jikoni unaambiwa pole sebuleni. Maneno haya sitaki yasikike na mtu wa humu ndani. Nimempa yule malayitsha, msafirishaji mizigo wa Nkulumane anayetuletea unga na mafuta kutoka kwenu, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Usimsomee mtu mwingine isipokuwa Lindiwe.

Ile mashine ya kijani ya Baba ya kuchonga vyuma unaikumbuka, maana ndiyo iliyowalisha wewe na marehemu kaka yako. Mbongeni ndiye aliyemshawishi Bwana Dlodlo mwenye karakana asiiuze kama chuma chakavu. Alimwambia mwili wake bado ni mzima, kinachohitajika ni kuondoa magurudumu ya kuzungusha kwa mkono, kufunga mota, na kuweka kompyuta ya kuziamuru. Alikuwa ameshafunga mota zote na visanduku vya umeme vinavyoziendesha, na waya ameshazivuta, gari lilipopinduka barabara ya Gwanda. Bwana Dlodlo alinipa muda wa kulia, kisha akaniuliza kama naweza kuimaliza kazi ya mume wangu, kwa kuwa chuo tulisoma pamoja na fundi mwingine angemgharimu. Nilikubali. Nilifikiri nitakuwa karibu naye nikishika vitu alivyovishika.

Kwa hiyo naingia karakana na nguo yangu nyeusi ya ujane chini ya ovaroli. Unajua watu wetu. Yule Gumede wa mashine ya kukereza hakukawia kusema kwamba nyeusi ya mjane inatia mikosi hata kwenye chuma. Siku mashine ilipogoma mara ya kwanza alinipigia kelele kutoka upande wa pili kwa kile cheo changu cha mkaza mwana, "Makoti, vua hiyo nguo uone kama mashine haitapona!" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, maana ukikasirika mbele ya Gumede umemlisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Meza ya mashine inapokwenda kushoto na kulia, katikati ya kuchonga, inasimama ghafla. Kwenye kisanduku kinachoendesha mota ya meza inawaka taa nyekundu na namba, na kitabu kinasema namba hiyo maana yake mota imelemewa. Ukizima na kuwasha inakwenda kidogo, kisha inasimama tena. Kipande kilichokuwa kinachongwa kinaharibika. Ni vipande vya pampu za mgodi, shemeji, si vya kuchezea. Bwana Dlodlo alisema wazi kwamba mgodi ukichoka kungoja, mashine itaondoka kwa bei ya kilo, na aliyekuwa akiisimamia ataondoka nayo.

Nilifanya alivyonifundisha Mbongeni, kwamba usibishane na mgonjwa, mhamishe kitanda. Nilikitoa kisanduku kilichokuwa kinalalamika nikakipeleka upande mwingine wa mashine, na kile cha upande huo nikakileta kwenye meza. Kilichokuwa kinalalamika kikafanya kazi vizuri kabisa, na kilichokuwa kizima kikaanza kulalamika. Kumbe si kisanduku. Nikabadilisha mota vilevile, ikawa vilevile. Nikasema basi ni waya. Nilizipitia waya zote za kaka yako moja moja, nikivuta kila ncha. Kila moja ilikuwa imekazwa na kuandikwa namba kwa ule mwandiko wake unaolala kama umechoka. Hapo nililia, sikufichi. Sikupata kosa hata moja.

Mwishowe niliitenga mota na ile skrubu ndefu inayoisukuma meza. Mota peke yake ilizunguka kama haina deni na mtu. Nikajaribu kuizungusha skrubu kwa spana, mikono miwili, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ikagoma. Basi nikajua mzigo uko kwenye meza yenyewe. Ipo kabari, kipande chembamba cha chuma kinachobana meza isicheze kwenye njia yake. Mbele yake kuna skrubu ya kuikaza. Ilikuwa imekazwa mno, meza inajikokota kama imefungwa breki. Nikailegeza, mashine ikachonga mchana kutwa bila kusimama, na Bwana Dlodlo akawanunulia watu wote soda.

Asubuhi yake taa nyekundu ikawaka tena. Kabari imekazwa. Nikailegeza, kesho yake imekazwa. Nilianza kumtazama Gumede kwa jicho baya, na kidogo tu ningemtukana mbele za watu. Lakini nilipiga moyo konde, nikaamua kufika kabla ya mtu yeyote na kukaa nyuma ya kabati la waya.

Aliyeingia alikuwa Baba. Alivua kofia, akaisalimu mashine kama anavyoisalimu kila siku, akachukua bisibisi ndefu. Akakaza skrubu ya kabari, akaweka kiganja juu ya meza, akasukuma, akangoja. Akatikisa kichwa. Akakaza tena. Nikakumbuka Mbongeni akiniambia kwamba tangu enzi za magurudumu Baba alikuwa akikaza kabari kila asubuhi hadi mkono umwambie basi, na kwamba hapakuwa na mchongaji mwenye mkono kama wake mji mzima.

Ningekuwa mtoto wake wa kuzaa ningetoka na kumwuliza palepale. Lakini mimi ni makoti, na Baba si mtu wa kulegeza heshima ya ukwe. Jina lake sijawahi kulitamka. Naye alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Nyumbani Mama ndiye anayebeba maneno yetu huku na huku. Kazini, alipokuwepo Mbongeni, alibeba yeye. Tangu aondoke Baba huiambia mashine, nami hujibu kwa mashine. Atasema, "Mashine, mwambie aliyekufungua asiache koleo juu ya meza yangu," nami nasema, "Mashine, mwambie Baba nimesikia." Gumede anasema mashine hiyo imejifunza lugha kabla ya kujifunza kuchonga. Neno kama la kabari halibebwi na mashine. Nilimpa Mama. Mama akarudi na jibu kwamba Baba alikaza meza kabla mimi sijazaliwa, na kwamba chuma hakijui kama kimefungwa kompyuta.

Nikadhani ni ukaidi wa uzee tu. Kisha jioni moja umeme ulikatika, tukapika isitshwala, ugali wetu, nje kwa kuni, kwenye kile chungu cha chuma cha miguu mitatu. Mpini wake ulikuwa umelala ndani ya moto. Kabla sijaleta kitambaa, Baba aliushika kwa mkono mtupu, akakinyanyua chungu, akatembea nacho hadi mlangoni huku akimtania Nomvelo kuhusu mapengo yake. Alikiweka chini taratibu. Tulisikia harufu kabla hajasikia kitu. Mama alipiga kelele, naye akakigeuza kiganja na kukitazama kama kiganja cha mtu mwingine.

Mama alinieleza siku iliyofuata, nikimsaidia kufua. Ni sukari. Kliniki walimwambia tangu kabla ya msiba, naye akamwapisha Mama asimwambie mtu, hasa ninyi wanawe. Vidole vyake havina hisia. Ndiyo maana anakaza na kukaza, shemeji. Anangoja mkono umwambie basi, na mkono umenyamaza. Kazini alifunga kitambaa na kusema amemwagikiwa na maji ya betri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mgodi ulileta neno la mwisho. Bwana Dlodlo alituita sote mbele ya mashine, na Baba alisimama pembeni, mkono mbovu mfukoni. Bwana Dlodlo si mtu mkali, lakini alikuwa amechoka. Akaniambia, "MaNdiweni, nataka jibu moja tu. Ni waya za marehemu au ni mkono wa mzee? Kama ni mkono wa mzee, aende nyumbani leo, akapumzike kwa heshima."

Nilimtazama Baba bila kumtazama, kama tunavyofanya. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikafikiri, aliyekufa hafukuzwi kazi.

Nikasema, "Ni waya za marehemu. Alizifunga vibaya."

Baba akainua macho na kunitazama moja kwa moja usoni, mara ya kwanza tangu nilipoletwa nyumbani kwenu, na laiti asingenitazama. Kisha akavaa kofia akatoka nje.

Tangu siku hiyo hali chakula changu. Mama anampikia sufuria yake mbali. Neno alilonitumia ni kwamba mwanawe hakuacha waya mlegevu maisha yake yote, na kwamba siku ya umbuyiso, bia itakapomwagwa na Mbongeni kurudishwa nyumbani, nitapiga magoti mbele ya ukoo mzima nimwombe radhi mume wangu kwa kumchafua. Nitapiga. Siogopi, na Baba ana haki, maana waya zile hazikuwa na kosa na mimi ndiye ninayejua kuliko mtu yeyote. Ila nilitaka siku hiyo awepo mtu mmoja pale uani anayejua kwa nini napiga magoti. Mtu huyo ni wewe.

Utauliza mashine inafanyaje kazi ikiwa Baba bado anakaza. Inafanya kazi vizuri, vipande vya mgodi vimekwenda, na Bwana Dlodlo anasema nilizirekebisha waya. Sikugusa waya hata moja. Siku Baba alipokwenda kliniki kufunga kidonda, niliifungua ile kabari, nikaibana kwa nyuma mahali pasipoonekana, kisha nikaikata ncha ile skrubu ya mbele isiifikie. Kwa nje ni ileile. Ndani haishiki kitu. Kila asubuhi Baba anakuja na bisibisi yake, anaikaza, anaweka kiganja juu ya meza, anasukuma, anangoja. Kisha anaiambia mashine, "Sasa umekaa sawa." Kila jioni akishaondoka naizungusha skrubu kurudi nyuma, ili kesho awe na cha kukaza.

Shemeji, nilitumaini atagundua. Nilitumaini kwa moyo wangu wote kwamba asubuhi moja ataweka mkono pale na kugeuka na kuuliza nani amechezea meza yake. Angenitukana mbele ya watu ningefurahi. Hajagundua.

Sasa sijui kama nimemwokoa au nimemtega. Mashine inachonga yenyewe, lakini anayefunga vyuma na kuvifungua ni yeye, na kisu kile cha mashine hakimjui mzee wala kijana. Nasimama pale kila siku roho juu, macho kwenye vidole vyake, kazi yangu haisongi. Mimi siwezi kumwambia aache. Mama aliapa. Umebaki wewe, mwanawe. Usingoje umbuyiso. Njoo mapema, mpeleke kwa daktari, mwambie kwa mdomo wako jambo ambalo mkono wake umekataa kumwambia. Akishakubali kukaa nyumbani, mwambie pia kuhusu waya za Mbongeni. Hapo haitaniumiza akinichukia kwa lile lingine, la skrubu.

Mbusu Lindiwe kwa niaba yangu na umwambie zile blanketi zilifika salama. Watoto wasikatwe nywele fupi mno kwa baridi hii. Mama anawasalimu na anauliza lini mtamletea dawa ya magoti. Nomvelo bado anangoja meno. Baba angewasalimu kama angejua nimewaandikia.

Niishie hapa, na leo nitalala mapema. Kesho lazima nifike karakana kabla yake, maana jana nilitoka haraka nikasahau kuirudisha ile skrubu nyuma, na sitaki aikute imefika mwisho, akose cha kukaza.

Ni mimi shemeji yako,
MaNdiweni, mama Nomvelo