Dawa Kali, Kipimo Kidogo

Mwalimu Rehema,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiwe uliyenipa lugha hii. Nilipoingia darasani kwako hapa Sangailu, nilikuwa na Kisomali cha nyumbani na Kiarabu cha madrasa. Kiswahili changu kilitosha kuomba maji tu. Uliniuliza umbo lililo ubaoni ni lipi, nikajibu "bembetatu." Hukucheka. Ulisema, "Pembe zake ni tatu hata ukiitaje, Hodhan. Endelea." Nikaendelea. Nikamaliza shule, nikarudi kukusaidia kusahihisha madaftari huku nikingojea nafasi ya chuo, na bado nilikuwa naendelea tu, kwa sababu uliniambia hivyo.

Sikukuaga, Mwalimu. Ulipoanguka ofisini tukakupakia kwenye gari la mkuu wa shule, mimi nikakishika kichwa chako mapajani, na njia nzima ilikuwa tope. Gari lilikwama, wanaume wakashuka kusukuma, nami nilikuwa nakuhesabia pumzi kwa sauti kama mtu anayemfundisha mtoto. Ulifungua macho mara moja tu. Tulipofika Garissa daktari alikutazama, akauliza ndugu yako ni nani. Nilitaka kusema mimi. Kisha ndugu zako wakaja kutoka Wundanyi wakakupeleka kuzikwa kwenu milimani, mahali nisipopajua, nami nikarudi huku kwenye tambarare. Nilikuombea dua kwa dini yangu. Natumaini imefika.

Sasa nikupe habari.

Mkuu wa shule alisema mwalimu wa hesabu ataletwa. Alisema hivyo mara ya kwanza, akasema mara ya pili, kisha akanitazama mimi. "Hodhan, Gredi ya Nane wanakujua. Washike kwa muda." Nikawashika. Somo la kwanza niliandika ubaoni: sita jumlisha nne mara tano. Darasa zima kwa sauti moja: "Hamsini!" Nilitaka kulia. Ulikuwa umewafundisha utaratibu wa kukokotoa hadi wanauota, mabano kwanza, kuzidisha na kugawanya, kisha ndipo kujumlisha na kutoa, na wiki chache tu za msiba zilikuwa zimewafutia kila kitu. Halafu Fardosa, yule binti wa Dahir aketiye karibu na dirisha, akainua mkono polepole. "Ishirini na sita, Mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita Mwalimu. Niligeukia ubao nikaliandika jibu lake.

Nikaanza kufanya kama wewe. Kila asubuhi mazoezi mafupi ya kichwa, bila kalamu. Robo ya mia mbili. Asilimia kumi ya thelathini na tano. Lita tatu zikinywewa na mbuzi wawili, mbuzi kumi watataka ngapi. Na lile swali lako nikalirudia: mbuzi mia wakiongezeka kwa asilimia ishirini, kisha wapungue kwa asilimia ishirini, watarudi kuwa mia? Wote wakasema ndiyo. Nilipowaonyesha kwamba wanabaki tisini na sita, Abdi alisema fisi amekula wanne, kama kaka yake alivyosema mbele yako mwaka ule. Tulicheka. Nadhani hicho kilikuwa kicheko cha kwanza darasani tangu uondoke.

Na kila mara, kabla hawajagusa kalamu, nilisema neno lako: "Kisia kwanza." Jibu litakuwa kubwa au dogo? Karibu na kumi au karibu na elfu? Nililisema kila siku kama mtu anayesoma dua aliyofundishwa, bila kufikiri kama ninalielewa.

Kisha shule ikafungwa kwa Idd, na ilipofunguliwa Fardosa hakuja.

Nilingoja. Unajua jinsi wasichana wanavyopotea huku, Mwalimu. Hakuna kelele. Dawati linabaki tupu, mwenzake anasogea katikati, na baada ya muda hata jina halisomwi. Wewe ulikuwa ukiwafuata. Ulikuwa ukivaa viatu vyako vya mpira na kutembea hadi kwenye kambi za wafugaji, na wanaume walikuwa wanakupa chai kwa mshangao tu. Mimi ni msichana wa hapa hapa, umri wangu haujapita sana umri wa hao ninaowafuata. Nani angenipa chai? Nilijipa sababu kila siku za kutokwenda. Siku moja nikakosa sababu, nikaenda.

Nilifika kwenye kambi ya Dahir asubuhi na nikajua mara moja kwamba nimekuja siku mbaya. Wanawake walikuwa wanafungua mikeka ya vibanda na kuipanga ili ipakiwe juu ya ngamia. Walikuwa wanahama. Mvua nyingi baada ya ukame ule ilikuwa imeleta nyasi, na nyasi zimeleta kupe, na kupe walikuwa wanawamaliza mbuzi waliookoka. Niliwaona zizini: masikio yamejaa kupe wanene kama punje za mahindi, wengine wamelala hawataki kuinuka. Mbuzi hao ndio waliobaki kwenye kundi lililokuwa likijaza bonde.

Fardosa alikuwa anachota maji kwenye dimbwi kujaza pampu ya mgongoni. Aliponiona aliinamisha macho.

Dahir hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliniita Mwalimu kwa Kisomali, "Macallimad, kama umekuja kwa ajili ya huyu, umechelewa. Tunahama leo. Wanaume wangu wamekwenda na ngamia mbele. Mbuzi watachungwa na nani, wewe?" Akanigeuzia mgongo, akachukua chupa ya dawa na kikombe cha kupimia.

Sijui kwa nini niliitazama ile chupa. Pengine kwa sababu sikujua pa kuweka macho yangu. Ile tupu iliyokuwa chini, ya zamani, ilikuwa na kifuniko chekundu na imeandikwa asilimia tano. Ile aliyoshika ilikuwa mpya, ndogo, na ubavuni imeandikwa asilimia kumi na mbili nukta tano. Nikamuuliza anapima kiasi gani. Akasema, "Kikombe kimoja, kama siku zote." Kikombe cha mililita mia, kwa pampu moja ya lita ishirini.

"Hii si ile," nikasema.

"Picha ni kupe. Ile ilikuwa na kupe, hii ina kupe."

"Nguvu yake si sawa. Ukiweka kiasi kile kile utawaua, na wale wenye mimba ndio wa kwanza."

Akasimama. Karatasi ya maelezo ilikuwa imelowa ikagandamana na kuwa donge. Mtandao haupo huko hata ukipanda kichuguu. Mke wake akaacha mikeka akaja. Wanawake wengine wakaja. Dahir akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hana muda wala mbuzi wa kupoteza. "Haya, wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Niweke kiasi gani?"

Mwalimu, hilo ni swali la Gredi ya Nane. Uwiano. Ningelitoa darasani kabla ya mapumziko. Lakini pale hapakuwa na ubao. Nilichutama nikaandika mchangani kwa kijiti. Kumi na mbili nukta tano gawanya kwa tano, mbili na nusu. Nguvu ni mara mbili na nusu. Mia mara mbili na nusu. Mbuzi mmoja alikuwa anakohoa, mtoto analia, na kila mtu ananitazama mkono. Nikasimama.

"Mia mbili na hamsini," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Sauti yako. Na Dahir, ambaye alikuwa hataki hata kunipa kivuli cha kukaa, aliiamini. Akatazama chupa. "Basi ni chupa nzima," akasema kwa masikitiko, akang'oa kifuniko, akaiinamisha juu ya mdomo wa pampu.

Fardosa aliacha ndoo ikaanguka. Alimshika baba yake mkono.

Unajua maana ya hilo, binti kumshika baba yake mkono mbele ya watu. Dahir aliangalia vidole vya mtoto wake kwenye mkono wake kana kwamba ni nyoka.

"Aabo, usimwage." Lakini hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mwalimu, hukukisia. Dawa hii ni kali kuliko ile. Kali inatakiwa kidogo. Jibu lako ni kubwa kuliko mia. Haliwezi kuwa kubwa kuliko mia."

Nikatazama mchangani. Nilikuwa nimezidisha mahali pa kugawanya. Ningemimina sumu juu ya kila kitu walichobaki nacho, na kijiti kikiwa bado mkononi mwangu.

"Gawanya," Fardosa akasema kwa sauti ndogo. "Mia gawanya kwa mbili na nusu. Ni arobaini."

"Arobaini," nikasema. "Ni arobaini. Mimi nimekosea, yeye yuko sawa."

Dahir alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Mmoja mia mbili na hamsini, mwingine arobaini. Na nyote ni wa shule moja." Mke wake akasema asipulize kabisa. Mama yake mzee akasema wapulize, kupe hawana subira. Hatimaye akachanganya dawa kwa kipimo cha Fardosa, akampulizia beberu mmoja mkongwe, akasema, "Tukae tumtazame."

Tukakaa. Sijawahi kumtazama mnyama namna ile. Kila alipotikisa kichwa nilianza kumhesabia pumzi. Alipolala chini, mama yake Fardosa alisema "Ya Allah," na mimi nilifikiri kuhusu njia ya kurudi, na kama ningeweza tena kuingia darasani. Fardosa alikaa kando yangu. Hakunishika mkono, lakini alisogea hadi bega lake likagusa langu. Jua likapanda. Beberu akainuka, akajikung'uta, akaanza kula kamba ya mzigo wa watu. Kupe walikuwa wameanza kumdondoka masikioni.

Hakuna aliyeshangilia. Dahir aliinuka tu akaibeba pampu. Alipofika kwa vitoto vya mbuzi alitaka nusu pampu, akasita, na badala ya kuniuliza mimi, akamgeukia binti yake. "Nusu ya maji?" "Ishirini, Aabo." Akapima ishirini. Waliendelea hivyo hadi zizi likaisha, yeye akiuliza, binti akijibu, na baada ya muda hakuwa anamwangalia usoni kuhakikisha.

Nilipewa chai mwishowe. Nilikunywa nimesimama. Dahir aliongea akiwa anafunga mzigo, hakunitazama. "Dada yangu ana nyumba pale Sangailu. Huyu atakaa kwake, mbuzi nitawachunga mwenyewe. Nyasi zikiisha nitarudi, na nitamtaka." Nikauliza, "Na zisipoisha?" Akasema, "Nyasi huisha, Macallimad."

Basi Fardosa amerudi darasani. Kwa sasa. Kila wingu linalopita bila kunyesha nalitazama kama adui. Sijui nitasema nini siku Dahir atakaposimama mlangoni mwa darasa, lakini najua sitakaa kungoja sababu. Nimeshakwenda kwa shangazi yake, na kwa chifu, na kwa mkuu wa shule, na nimewaambia wote kwamba binti huyu atafanya mtihani wake hapa. Chifu alicheka akasema nimeanza kuongea kama wewe.

Nililieleza darasa, Fardosa akiwepo, kile alichofanya. Nilisimulia kosa langu lote, mchanga, kijiti, mia mbili na hamsini. Nilidhani watanidharau. Abdi akauliza, "Mwalimu, na wewe hukosea?" Nikasema ndiyo. Akafungua daftari lake. Siku ile ndiyo waliyofanya kazi nyingi kuliko siku zote.

Nakukosa, Mwalimu. Nakukosa hasa saa ya mapumziko, wakati ulipokuwa ukinisemesha mambo yasiyo na maana, mvua ya kwenu, ndizi za kwenu, jinsi mama yako anavyokataa simu. Hakuna mtu huku wa kuniambia kuhusu ndizi.

Barua ya chuo imefika, nafasi ipo Garissa. Nimeomba wanihifadhie hadi Gredi ya Nane wamalize. Wakikataa, nitaomba tena. Na shule ikifungwa mwisho wa mwaka, nitapanda gari hadi Wundanyi, nimwone mama yako, nimweleze kwa mdomo kwamba mwanawe alikuwa mtu wa namna gani huku kwetu. Kisha nitapanda huko juu walipokuzika nikuamkie kwa Kiswahili fasaha, na herufi zote nitazitamka sawasawa.

Mungu akupe raha, Mwalimu wangu. Kengele imelia, wananingoja.

Hodhan